Kurudisha Nyuma Magego ya Juu: Ulinganisho wa Vifaa vya Kupangia Meno

Mara nyingi mtoto wa umri wa miaka 12 au 13 huletwa kwa daktari wa meno kwa sababu jino lake la chonge limeota juu mno katika ufizi, nje ya mstari wa meno mengine. Jino hilo halina ugonjwa wowote. Limekosa nafasi tu. Daktari anayetaka kulirudisha mahali pake hana budi kwanza kujibu swali moja: nafasi hiyo itapatikana wapi?

Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa kung'oa. Meno mawili mazima, aghalabu gego dogo moja kila upande, yalitolewa ili mengine yapate kujipanga. Jibu hilo bado ni sahihi kwa wagonjwa wengi. Lakini jino la ukubwani likishang'olewa halirudi, na kwa hiyo wataalamu wametafuta pia njia ya pili, nayo ni kuyasukuma nyuma magego makubwa ya taya la juu ili nafasi ipatikane mbele yake. Vifaa vingi vimebuniwa kwa kazi hiyo. Katika makala haya tutaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, na kuvilinganisha kwa kutumia kanuni za fizikia na biolojia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu.

Gego la kwanza na umuhimu wake

Binadamu huota meno 20 ya utotoni, na baadaye meno 32 ya ukubwani. Gego kubwa la kwanza la ukubwani huota katika umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila kuchukua nafasi ya jino lolote lililong'oka. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni jino la utotoni. Gego la pili huota katika umri wa miaka 12 hivi, na la tatu, ambalo watu wengine hawaoti kabisa, baada ya miaka 17.

Mwaka 1899 daktari Mmarekani Edward H. Angle alitoa mfumo wa kuainisha mpangilio wa meno kwa kutazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokutana na gego la kwanza la chini. Katika daraja la pili la mfumo huo gego la juu limekaa mbele kuliko inavyostahili. Mfumo huo unatumika hadi leo.

Gego la juu huweza kuwa mbele kwa sababu mbalimbali. Kwa watoto wengine taya zima la juu limetokeza, au taya la chini limebaki nyuma. Hao wana tatizo la mifupa, na kusogeza jino moja moja hakuliondoi. Kwa wengine mataya yako sawa, ila gego lenyewe limesogea. Jambo hili hutokea hasa pale magego ya utotoni yanapooza na kung'olewa mapema. Gego la kwanza la ukubwani hukosa kizuizi mbele yake, huteleza taratibu kuelekea mbele, na kuimeza nafasi iliyokuwa ikingojewa na meno yatakayoota baadaye. Kwa hiyo kuoza kwa jino la utotoni, ambalo watu hulipuuza kwa kusema kuwa litang'oka tu, huweza kuleta msongamano wa meno miaka sita baadaye.

Jino husogeaje ndani ya mfupa?

Jino halikugandamana na mfupa. Mzizi wake umezungukwa na utando mwembamba wa nyuzi, wenye unene wa takriban milimita 0.2, unaoliunganisha na mfupa wa taya. Kani ndogo ikilisukuma jino kwa muda mrefu, utando hubanwa upande mmja wa mzizi na kuvutwa upande wa pili. Mahali unapobanwa hutokea seli zinazomeng'enya mfupa. Mahali unapovutwa hutokea seli zinazojenga mfupa mpya. Hivyo tundu lenyewe la jino huhama polepole, na jino huhama pamoja nalo. Carl Sandstedt wa Sweden alichunguza mabadiliko hayo kwa hadubini katika meno ya mbwa, na kutangaza matokeo yake mwaka 1904.

Kani ikizidi kiasi, mishipa midogo ya damu katika utando hufinywa, seli za mahali hapo hufa, na kazi husimama hadi sehemu hiyo itakaposafishwa na mwili. Basi mtu akidhani kuwa kusukuma kwa nguvu zaidi kutaharakisha kazi, atapata kinyume cha alichokitarajia, na pengine ncha ya mzizi italika. Kwa wastani jino husogea kama milimita moja kwa mwezi, na hakuna kifaa kinachoweza kuilazimisha biolojia ivuke sana mwendo huo.

Kanuni mbili zinazotawala vifaa vyote

Kanuni ya kwanza ni sheria ya tatu ya Newton: kila kani ina kani mkabala iliyo sawa nayo kwa ukubwa na kinyume chake kwa mwelekeo. Mvuvi aliyesimama katika mtumbwi akiusukuma kwa upondo mtumbwi wa mwenzake, mitumbwi yote miwili itasogea. Akitaka wa mwenzake tu usogee, hana budi wake uwe umetia nanga. Kinywani mambo ni yale yale. Kifaa kinacholisukuma gego nyuma kwa kani ya niutoni 2 lazima kikisukume kitu kingine mbele kwa niutoni 2. Kitu hicho ndicho nanga, na swali la kwanza la kuuliza juu ya kifaa chochote ni hili: nanga yake iko wapi?

Kanuni ya pili inahusu kuinama. Kila jino lina nukta ambayo kani ikipita hapo jino zima husogea likiwa wima. Tuiite kitovu cha ukinzani. Kwa gego la juu, lenye mizizi mitatu, kitovu hicho kiko karibu na mahali mizizi inapoachana, ndani ya mfupa, ambako daktari hawezi kufunga kitu. Kifaa hufungwa katika kichwa cha jino, chini ya kitovu hicho, na kwa hiyo kani huleta pia mzunguko: kichwa cha jino hurudi nyuma huku mizizi ikibaki au hata kuelekea mbele.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Simika rula katika kopo la mchanga uliolowa, kisha isukume kwa kidole kwenye ncha ya juu. Rula itainama tu. Halafu sukuma karibu kabisa na mchanga, na utaona kuwa mwinamo unapungua. Kichwa cha jino kilichoinama kinaweza kumdanganya anayekitazama, kwa maana nafasi inaonekana imepatikana, lakini jino lililoinama hupenda kujiinua tena na kuirudia sehemu ya nafasi hiyo.

Vifaa vinavyovuta kutoka nje ya kinywa

Vifaa vya zamani zaidi hutia nanga nje ya kinywa kabisa. Norman Kingsley wa Marekani alitumia mvuto wa kichwani katika karne ya 19. Njia hiyo iliachwa kwa muda, kisha ikapata uhai mpya mwaka 1947 kwa kazi ya Silas Kloehn, pia wa Marekani. Kifaa chenyewe ni upinde wa waya wenye sehemu mbili: sehemu ya ndani huingia katika vijiri vilivyounganishwa na pete za chuma kwenye magego ya kwanza, na sehemu ya nje hupita juu ya mashavu na kufungwa kwa mkanda wenye mvuto. Mkanda huo hupita nyuma ya shingo, au juu ya kisogo, au kote kuwili.

Faida yake ni dhahiri. Kani mkabala huchukuliwa na shingo au fuvu, na meno ya mbele hayaguswi. Kani inayotumika ni kubwa, mara nyingi gramu 300 hadi 500 kila upande, na kwa mtoto anayekua huweza pia kuzuia kwa kiasi fulani ukuaji wa taya la juu kuelekea mbele.

Mwelekeo wa mvuto unahitaji uangalifu. Mkanda wa shingoni uko chini ya usawa wa magego, na kwa hiyo huyavuta nyuma na pia chini. Gego likishuka, taya la chini husukumwa lifunguke kama mlango kwenye bawaba, na uso hurefuka. Kwa mtoto ambaye tayari ana uso mrefu, hilo ni kosa. Yeye hufaa kuvutwa kutoka kisogoni, ambako mvuto huelekea nyuma na juu.

Udhaifu mkubwa wa kifaa hiki hautokani na fizikia. Hakina budi kuvaliwa saa 12 hadi 14 kila siku kwa miezi mingi, nacho kinavuliwa na mtoto mwenyewe. Saa ndogo zilizofichwa ndani ya mikanda zimeonyesha mara nyingi kuwa muda halisi wa kuvaa ni mfupi kuliko ule anaoutaja mgonjwa. Tena upo upande wa hatari: upinde ukivutwa kisha ukaachiwa ghafula huweza kurudi kwa kishindo na kutoboa jicho, na ajali za namna hiyo zimewahi kutokea. Ndiyo maana siku hizi mikanda hutengenezwa iachie ikivutwa kupita kiasi, na pinde huwekewa kizuizi ili zisichomoke.

Vifaa vya ndani vyenye nanga kaakaani

Ugumu wa kuwategemea watoto uliwafanya wataalamu watafute vifaa vinavyogandishwa kinywani na daktari na kufanya kazi usiku na mchana. Katika miaka ya 1980 zilijaribiwa sumaku zinazofukuzana. Zilisukuma kweli, lakini kani ya sumaku hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka. Pengo la milimita moja tu likipatikana, sehemu kubwa ya kani ilikuwa imepotea, na daktari alilazimika kuzisogeza tena mara kwa mara.

Madini mapya yalitoa suluhisho bora. Springi ya chuma cha pua hufuata sheria ya Hooke: inavyozidi kunyooka, ndivyo kani yake inavyopungua. Aloi ya nikeli na titani ina tabia tofauti. Ikibanwa kiasi cha kutosha, hutoa kani inayokaribia kuwa ile ile wakati inaponyooka, na hiyo ndiyo kani inayofaa kwa seli za mfupa. Springi za aloi hiyo zilitumika katika kifaa cha Jones na White kilichotangazwa mwaka 1992, ambacho husukuma gego kutoka upande wa shavu.

Mwaka huo huo James Hilgers wa Marekani alitangaza kifaa alichokiita Pendulum. Kibonge cha akriliki hukaa juu ya kaakaa, kikiwa kimeshikizwa kwenye magego madogo. Kutoka ndani yake hutokea springi mbili za aloi ya titani, ambazo ncha zake huingia katika pete za magego ya kwanza. Kila springi huzunguka kama timazi ya saa ya ukutani, na kulisukuma gego nyuma kwa gramu 200 hivi. Mgonjwa hahitajiki kufanya lolote ila kusafisha kinywa chake. Hata hivyo ncha ya timazi huchora sehemu ya duara. Gego linaporudi nyuma huvutwa pia kuelekea katikati ya kaakaa na kuinama, daktari asipoukunja waya mapema ili kulirekebisha.

Mwaka 1996 Aldo Carano na Mauro Testa wa Italia walitoa kifaa kiitwacho Distal Jet. Hapa springi hubanwa kuzunguka kijiri kilicho upande wa kaakaa, juu kuelekea usawa wa kitovu cha ukinzani. Mkono wa kani umefupishwa, na gego huinama kidogo kuliko linavyoinama katika Pendulum. Kanuni ya rula katika mchanga imefuatwa hapa moja kwa moja.

Lakini vifaa hivi vyote vina deni moja. Nanga yao ni magego madogo na kaakaa, na nanga hiyo huburuta. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalipata wastani huu: gego la kwanza lilirudi nyuma milimita 2.9 likiinama nyuzi 5.4, na wakati huo huo meno ya mbele yalisogea mbele milimita 1.8.

Na tufanye hesabu. Tukichukulia kuwa kichwa cha gego kiko milimita 10 kutoka kitovu cha ukinzani, mwinamo wa nyuzi 5.4 peke yake hukisogeza kichwa hicho kwa milimita 10 × sin 5.4°, yaani karibu milimita 0.9. Hivyo katika milimita 2.9 zinazoonekana, karibu theluthi moja ni kuinama tu. Kisha yako meno ya mbele yaliyotokeza. Kuyarudisha kunahitaji kani, na nanga ya kani hiyo ni lile lile gego lililotoka kusukumwa, ambalo sasa litavutwa mbele. Sehemu ya faida hurudishwa kwa njia hiyo.

Nanga katika mfupa

Jino husogea kwa sababu lina utando unaozunguka mzizi wake. Kitu kilichofungwa moja kwa moja katika mfupa hakina utando huo, na kwa hiyo hakisogei kwa njia ile. Mwaka 1983 Thomas Creekmore na Michael Eklund walieleza jinsi skrubu ndogo ya chuma, iliyofungwa katika mfupa chini ya pua, ilivyotumika kuinua meno ya mbele ya mgonjwa. Mwaka 1997 Ryuzo Kanomi wa Japani alieleza matumizi ya skrubu ndogo zaidi, na tangu hapo njia hii imeenea.

Skrubu za siku hizi hutengenezwa kwa aloi ya titani. Nyingi zina kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2 na urefu wa milimita 6 hadi 12. Hufungwa kwa ganzi ya mahali pale tu, na kazi ikiisha hufunguliwa. Zikifungwa kati ya mizizi ya meno, huweza kuzuia mzizi ulio mbele yake usirudi nyuma. Kwa kazi tunayoizungumzia, wengi hupendelea sehemu ya mbele ya kaakaa, ambako hakuna mizizi njiani. Kani mkabala huishia katika mfupa, na meno ya mbele hayasukumwi. Zaidi ya hayo, magego madogo yakiwa huru, mara nyingi huyafuata magego makubwa nyuma yenyewe, kwa kuvutwa na nyuzi zinazounganisha meno ndani ya ufizi.

Hata skrubu ina mipaka yake. Mapitio ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa katika kila skrubu 100, kama 13 au 14 hulegea kabla ya kazi kwisha. Ufizi unaozizunguka huweza kuvimba usipopigwa mswaki vizuri. Na gharama yake si ndogo.

Kifaa kipya zaidi ni vifuniko vya plastiki angavu, vilivyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila kifuniko hulisogeza jino kama robo ya milimita. Magego hurudishwa moja baada ya jingine, la pili likitangulia, na kiasi kinachopatikana kwa kawaida ni milimita 2 hivi. Navyo huvuliwa na mgonjwa, na visipovaliwa kwa saa 20 hadi 22 kila siku havifanyi kazi.

Kipi ni bora?

Mwaka 2013 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ulichapisha mapitio ya majaribio 10 yaliyowahusu wagonjwa 354. Ilionekana kuwa vifaa vya ndani huyarudisha magego nyuma zaidi kuliko vile vya kuvuta kutoka nje, lakini faida hiyo hupunguzwa na kusogea mbele kwa meno ya mbele, jambo ambalo halikuonekana kwa vifaa vya nje. Kanuni za Newton zingetuwezesha kulikisia jibu hilo mapema.

Basi ulinganisho wetu unaweza kufupishwa hivi:

(a) Kifaa cha kuvuta kutoka nje kina nanga nzuri, lakini kinamtegemea mgonjwa kabisa, na mwelekeo wake lazima uchaguliwe kwa kufuata umbo la uso.

(b) Kifaa cha ndani chenye kibonge cha kaakaani hakimtegemei mgonjwa kukivaa, lakini nanga yake huburuta na gego huinama.

(c) Skrubu ya mfupani huondoa tatizo la nanga, ila inahitaji fundi aliyefunzwa, usafi wa kinywa na fedha zaidi.

(d) Vifuniko vya plastiki vinafaa pale umbali unaohitajika ni mdogo na mgonjwa ni mwaminifu.

Pana mizani nyingine ambayo haimo katika majaribio hayo. Mtoto anayeishi safari ya siku nzima kutoka kwa mtaalamu hawezi kutibiwa kwa kifaa kinachohitaji kukaguliwa kila juma, na kifaa kikivunjika njiani huenda kikamdhuru. Kwa mtoto kama huyo, kung'oa magego madogo mawili kwa mpango uliofikiriwa vema kunaweza kuwa tiba bora kuliko kifaa cha thamani kilichoachwa katikati ya kazi. Tena kifaa chochote kilichogandishwa juu ya meno machafu huongeza kuoza.

Hapana budi kutoa onyo moja. Wako vijana wanaojaribu kuvuta meno yao kwa mipira ya kufungia karatasi. Mpira uliovishwa jino huteleza chini ya ufizi kufuata umbo la mzizi unaopungua kuelekea ncha, hupotea machoni, huharibu utando wote, na jino zima huweza kung'oka. Kani ndogo isiyo na msimamizi inatosha kuleta hasara hiyo.

Mwanafunzi anayependa kuendelea na jambo hili ajaribu swali hili: ikiwa kani ya niutoni 2 inalisukuma gego mahali palipo milimita 10 chini ya kitovu cha ukinzani, kani ya pili inayopita milimita 5 juu ya kitovu hicho iwe kubwa kiasi gani, nayo ikielekea nyuma vilevile, ili gego lisiiname? Akilipata jibu, na ajiulize pia nanga ya kani hizo mbili, ambazo jumla yake ni kubwa zaidi, itawekwa wapi. Hapo atakuwa ameanza kufikiri kama afikirivyo daktari wa upangaji wa meno.